Tanga hadi Tongoni kwa Baiskeli: Safari Iliyoturudishia Salamu

Mji wa Tanga una sifa mbili ambazo mgeni huziona mapema. Ya kwanza ni ardhi yake tambarare, na mitaa ya Ngamiani iliyonyooka na kuitwa kwa nambari, hata mtoto aliyetumwa dukani hawezi kupotea. Ya pili ni baiskeli. Mwalimu huenda nayo shuleni, muuza samaki hufunga tenga lake nyuma, mama huipakia ndoo ya unga akitoka mashineni, na mzee wa miaka sabini huiegemeza kwenye ukuta wa msikiti kabla ya adhana. Kuna msemo wa mji wetu, "waja leo waondoka leo", ambao kila mtu huufasiri apendavyo. Sisi tunauchukua kwa maana yake nyepesi: afikaye na kuondoka siku hiyo hiyo bado hajaijua Tanga. Kwa hiyo tunapozungumzia kupunguza mwendo wa maisha ya familia, hatuhitaji kutafuta mfano katika nchi za mbali. Chombo cha kufanyia kazi hiyo kimeegemea ukutani mwetu.

Sisi ni familia ya watu watano: baba, mama, mvulana wa miaka 14, msichana wa miaka 11 na mdogo wao wa miaka 4. Tunalo gari dogo, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Limempeleka mama hospitali usiku wa kujifungua, na limewabeba wagonjwa wa majirani mara nyingi. Lakini tangu mwaka jana tumejiwekea utaratibu nyumbani: Jumamosi gari halitoki. Popote tuendapo siku hiyo, tunakwenda kwa miguu au kwa baiskeli, isipokuwa pakiwa na dharura.

Bei ya petroli ni sababu mojawapo, wala hatuifichi. Sababu kubwa zaidi ni watoto. Ndani ya gari watu watano hukaa karibu sana na wakawa mbali sana. Baba hutazama barabara, mama hujibu simu, mvulana huziba masikio kwa waya za muziki, na wadogo hulala. Gari humchukua mtu kutoka mlango mmoja na kumshusha mlango mwingine. Kilichopo katikati hupitwa, na mambo mengi ya majirani na ukoo wetu yapo huko katikati.

Safari tunayotaka kuisimulia ni ya Tongoni, takriban kilomita 17 kusini mwa mji, kwa barabara ya Pangani. Huko anaishi shangazi yake baba, ambaye watoto wetu humwita bibi. Umri wake umepita miaka themanini, na mtoto wa jicho amemfunika jicho la kulia. Kwa upande wa baba, yeye ndiye pekee aliyebaki awezaye kutaja majina ya wazee wetu kizazi baada ya kizazi, na kuonyesha kila mmoja amezikwa wapi. Kwa gari, Tongoni ni mwendo wa nusu saa. Jambo lililo umbali wa nusu saa huonekana jepesi, na jambo jepesi huahirishwa, kwa kuwa kesho nayo ipo. Tukaona kwamba tukienda kwa baiskeli, safari itakuwa na uzito, na chenye uzito hupewa siku yake.

Maandalizi yalichukua juma zima. Baiskeli zilikuwa nne: Phoenix kubwa ya baba, baiskeli ya kike ya mama isiyo na mtalimbo wa juu, ya mvulana, na moja ndogo tuliyoiazima kwa binamu kwa ajili ya binti. Mtoto wa mwisho alitengenezewa kiti cha nondo na sponji juu ya keria ya baba, chenye mahali pa kuwekea miguu na ubao wa kuizuia isifike kwenye gurudumu. Mguu wa mtoto kunaswa na spoki ni ajali inayojulikana karibu kila mtaa, na kiti cha namna hiyo huizuia.

Suala la vazi nalo lilizungumzwa. Mama na binti walivaa suruali pana chini ya magauni marefu. Fundi akaweka kifuniko cha mnyororo katika baiskeli zao, na wavu wa kamba pembeni mwa gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Jirani mmoja aliuliza kama yafaa mwanamke kupanda baiskeli. Mama alimjibu kwa upole kwamba wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walipanda ngamia, na ngamia ni mrefu kuliko baiskeli. Jirani alicheka, akatuletea pampu yake.

Mizigo yetu ilikuwa maji lita sita, viraka na gundi, spana, mkeka wa kusalia, khanga mbili, na zawadi za bibi: sukari, majani ya chai na sabuni. Kanuni zilikuwa tatu. Baba atangulie, watoto wafuate, mama awe wa mwisho. Tuende mmoja nyuma ya mwingine, asiwepo wa kwenda sambamba. Na lori likisikika, mbele au nyuma, wote tushuke pembeni hadi lipite.

Ilikuwa Julai, wakati wa kusi, hewa ikiwa na ubaridi wa kupendeza. Tulisali Alfajiri, tukanywa chai, na saa 12 na nusu tukatoka. Ngamiani ilikuwa ikiamka kwa harufu ya maandazi na mbaazi za nazi. Tulipofika Mwahako nyumba zilianza kuachana, zikaja bustani za mihogo, minazi na mikorosho. Upepo ulitupinga usoni kidogo, basi hatukuweza kukimbia hata kama tungetaka. Mwendo wetu ulikuwa kama kilomita kumi kwa saa, na huo ni mwendo ambao jicho huona kila kitu: chungu la uji kwenye jiko la kuni, wavu uliotundikwa kukauka, ubao wa madrasa ambao herufi zake zimefutika nusu.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo tusilolipanga. Madrasa watoto wetu walifundishwa adabu ya salamu: aliyepanda humsalimia aendaye kwa miguu, aendaye kwa miguu humsalimia aliyekaa, na wachache huwasalimia wengi. Waliihifadhi kwa ajili ya mtihani na wakapata alama nzuri. Lakini mtoto anayesafiri ndani ya vioo vilivyofungwa ataitekeleza wapi? Gari likipita kwa kasi, mwenye kukaa barazani huachiwa vumbi. Huenda dereva akapiga honi, na honi haiitikiwi. Juu ya baiskeli, uso wa mpandaji upo wazi, sauti yake inafika, na mwendo wake unampa nafasi ya kusalimu na kusikia jibu kabla hajapita.

Basi wajibu ulikuwa wetu, kwa kuwa ndio tuliopanda. Binti alianza kwa aibu. Kufikia nyumba ya kumi sauti yake ilikuwa imekomaa. Kwa wazee alisema "Shikamoo" na akajibiwa "Marahaba, mwanangu". Kwa kundi la wanaume waliokuwa wakishona nyavu alitoa salamu ya Kiislamu, nao wakaitikia wote kwa pamoja, kwa ukamilifu wake, hadi akageuka nyuma kumtazama mama. Alihesabu salamu 61 kabla ya kufika Machui. Mdogo wake, nyuma ya baba, hakubagua. Alimsalimia hata mbuzi.

Machui tairi la nyuma la mvulana liliishiwa upepo. Chini ya mwembe alikuwapo fundi baiskeli na karai lake la maji. Alitoa mpira, akautia upepo, akauzamisha majini na kumwonyesha mvulana mapovu yanapotokea. Kisha akampa tupa akwangue mwenyewe. Wakati gundi inakauka, mzee aliyekaa kwenye gogo akauliza swali ambalo watu wa pwani huliuliza kabla ya yote: "Nyinyi ni wa nani?"

Baba akamtaja baba yake, aliyefariki kabla ya watoto wetu kuzaliwa. Mzee akanyamaza kidogo, akatabasamu. Alisema alimjua, kwamba alikuwa akipita hapo hapo kwa baiskeli, akipeleka nazi sokoni Tanga, na akirudi jioni humletea tumbaku. Sisi wazazi tulijua kwamba babu aliuza nazi. Kwamba alizipeleka kwa baiskeli, kwa njia hii tuliyokuwa tukiipita, hatukuwa tumeambiwa.

Mvulana wetu yupo katika umri ambao jibu la kila swali ni "poa" au "sijui". Aliweka tupa chini, akauliza, "Alibeba nazi ngapi?"

"Mia moja," mzee akamjibu, "zilizofuliwa. Na kusi ikivuma kama leo, akirudi huku humpinga kifuani." Mvulana akaitazama baiskeli yake, kisha akaitazama barabara. Kutoka Machui hadi Tongoni hatukumsikia akilalamika tena juu ya upepo.

Tulifika saa 3 na nusu, tumelowa jasho. Bibi alitoka nje akipapasa nguzo ya baraza, akasikia kengele za baiskeli, akauliza ni nani wanaokuja na watoto wengi hivyo. Alipotutambua kwa sauti alimwita kijana wa jirani aangue madafu. Kila mtu alikunywa mawili. Akasema, kwa Kimtang'ata chake ambacho watoto hukisikia nadra: mgeni wa gari haji na kiu, hata maji akipewa huonja tu kwa heshima, leo amepata wageni wa kuwahudumia. Tuliyatafakari maneno hayo baadaye. Ukarimu unahitaji mgeni mwenye haja. Anayefika akiwa hana joto, hana njaa, na mlango wa gari ameuacha wazi, amemnyima mwenyeji wake nafasi ya kumtendea wema.

Kabla jua halijakaza tulikwenda kwenye magofu. Neno tongo lina maana ya mahali palipohamwa, na ndilo lililoupa mji jina. Karibu na ufuo, mbele ya ghuba yenye mikoko, upo msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Paa halipo tena, lakini mihrabu inatambulika, na mtoto yeyote akiingia anajua aelekee wapi. Kandokando yake yapo makaburi yapatayo 40, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe, nyingi zikiwa zimeanguka. Katika kuta na nguzo hizo vimo vijishimo vya duara vilivyokuwa na mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo. Sehemu kubwa ya majengo haya ni ya karne ya 14 na 15, zama ambazo mji huu wa Waislamu ulifanya biashara na pande nyingi za Bahari ya Hindi. Leo mahali hapa panalindwa kisheria kama eneo la mambo ya kale.

Tuliwasimulia watoto kwamba mwaka 1498 meli za Vasco da Gama zilipita hapa zikielekea Mombasa, na moja kati yake, São Rafael, ikakwama kwenye fungu karibu na pwani hii. Ilinasuliwa, ikaenda hadi India. Ziliporudi mwanzoni mwa mwaka 1499, Wareno waliichoma moto hapa hapa, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Binti akauliza kama watu wa msikiti huu waliuona moto ule. Hatukuwa na jibu, lakini sote tuligeuka kuitazama bahari.

Kisha bibi, akishikwa mkono na binti, alitupeleka kwenye makaburi ya kijiji ambayo ni ya watu wetu. Tuliwasalimia waliolala humo kama tulivyofundishwa, tukatembea kwa hadhari tusikanyage kaburi. Mengine hayana jina wala jiwe. Yana mche wa mlangilangi, au alama ya gogo tu. Bibi aliyajua kwa kuhesabu hatua kutoka mbuyuni. "Hapa ni babu yako. Hapa mama yake. Hapa mtoto aliyefariki kwa ndui." Mvulana alitoa daftari alilokuwa amefungia kwenye keria, akaanza kuandika bila kuagizwa. Jicho moja la bibi likifunikwa kabisa, na la pili likafuata, hatua zile hazitakuwa na wa kuzihesabu. Kila mmoja wetu alilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Adhuhuri tulisali katika msikiti wa kijiji. Mvulana aliuliza kama sisi ni wasafiri, ili tupunguze sala. Imamu akamfafanulia, kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu huifuata, kwamba masafa ya kupunguza ni marhala mbili, ambazo wanazuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa zaidi ya kilomita 80. Tongoni haifiki huko hata kwa kwenda na kurudi. Mvulana akasema miguu yake haikubaliani na hesabu hiyo. Msikiti mzima ulicheka, kisha tukasali rakaa nne kamili.

Baada ya chakula, wali wa nazi, changu wa kuchoma na mchicha, lilibaki jua. Mwenye gari angeaga hapo. Sisi hatukuweza, kuwapandisha watoto baiskeli saa 8 mchana ni kuwatesa. Basi tulilazimika kukaa, na kukaa huko ndiko kuliko na faida kubwa kuliko yote. Mkeka ulitandikwa barazani. Mdogo alilala juu ya paja la bibi. Mama alisuka ukili pamoja naye. Mazungumzo yalikwenda polepole, yakakatika, yakarudi, na kila yaliporudi bibi alikumbuka jina jingine. Mambo ya ukoo hayasemwi kwa kuulizwa harakaharaka. Huja yenyewe, baada ya kimya cha pili au cha tatu, na mwenye kuondoka baada ya nusu saa huyakosa.

Tulisali Alasiri na kuondoka saa 10 na robo. Kusi iliyotupinga asubuhi ilitusukuma mgongoni. Pale Machui mzee alikuwa bado kwenye gogo lake. Mvulana ndiye aliyemsalimia wa kwanza, akamkabidhi pakiti ndogo ya tumbaku aliyoinunua Tongoni kwa fedha yake. Sisi wazazi tumbaku hatuipendi, lakini siku ile hatukusema neno. Tuliingia Ngamiani kabla ya adhana ya Magharibi, miguu ikiuma na vinywa vikiendelea kuzungumza.

Tusimpotoshe msomaji. Barabara ya Pangani ina malori na mabasi, na si kila dereva humheshimu mpanda baiskeli. Yapo maeneo ambayo ukingo ni mwembamba, na kipindi cha masika njia hiyo haifai kwa watoto. Mgonjwa, mja mzito na mzee wanahitaji gari, na kumnyima gari anayelihitaji si wema. Familia inayokaa katika jiji lenye msongamano mkubwa itapaswa kutafuta njia za ndani na saa za asubuhi mapema.

Lakini familia nyingi zinaweza kuanza na kidogo. Chagueni siku moja katika juma. Chagueni ndugu anayekaa ndani ya kilomita tano, mwende kwake kwa baiskeli au kwa miguu, bila kumaliza ziara kabla ya sala inayofuata. Kagueni breki na tairi usiku wa kuamkia safari. Bebeni maji kuliko mnavyodhani yanahitajika. Simu iwe moja tu, ya dharura, ndani ya mfuko wa mama. Na wapeni watoto kazi ya salamu. Wao ndio wawe wa kwanza kuitoa.

Tumefundishwa kuiendea hata sala kwa utulivu, pasi na kukimbia, ijapokuwa iqama imekwishasikika. Ikiwa ibada iliyo kubwa hivyo huendewa kwa mwendo wa heshima, basi kumwendea mzazi, shangazi au jirani kwa mwendo wa heshima ni jambo linaloeleweka. Silaturahimu huunganishwa kwa watu kufika, na kufika huanzia njiani.

Daftari la mvulana sasa lina majina 23, na mchoro wa makaburi wenye hatua zilizohesabiwa kutoka mbuyuni. Upande wa mama yake babu bado ni mtupu. Bibi amesema yapo majina manne au matano ambayo hayajamjia. Inshaallah, Jumamosi ijayo tutakwenda tena kuyangoja.